Miguu inayozama na mkanda mzito: jibu kwa mzamiaji wa Nungwi

Msomaji mmoja wa Nungwi, anayejifunza kazi ya kuongoza wageni chini ya maji, ameleta swali ambalo nitalieleza kwa ufupi kabla ya kulijibu. Ana uzito wa kilo 68, huvaa suti ya neoprini (mpira laini unaoelea) ya milimita 3 inayofunika mwili mzima, na hubeba mtungi wa alumini wa lita 11. Alipoanza mafunzo alifungwa mkanda wenye kilo 6 za risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kumzamisha, lakini kwa kuwa alikuwa akishindwa kuzama, mwalimu wake alimwongezea hadi zikafika kilo 9. Sasa anazama bila taabu, ila miguu yake inaning'inia, mapezi anayovaa miguuni yanatimua mchanga, hewa yake inakwisha kabla ya hewa ya wageni anaofuatana nao, na anapofika kina cha mita 5 ili asimame zile dakika 3 za mwisho za usalama kabla ya kutoka majini, anajikuta anapanda juu bila kutaka. Mwalimu amependekeza kilo moja zaidi ya kumshikilia hapo. Yeye anauliza kama akubali, na kama anunue mapezi mapya mepesi ili miguu isizame.

Ndugu yangu, usiongeze hata gramu. Kwa maelezo uliyoyatoa, naona unabeba kilo 3 au 4 zaidi kuliko unavyohitaji, na matatizo yote manne uliyoyataja, yaani miguu, mchanga, hewa na kupanda bila kutaka, yanatoka kwenye mzigo huo mmoja. Najua inaonekana ajabu kumwambia mtu anayepaa juu kwamba dawa yake ni kupunguza uzito, kwa hiyo nitaanza na jambo hilo, kwa sababu ukilielewa mengine yatakuja yenyewe.

Risasi unayobeba haibadiliki kwa kina. Kilo 4 za ziada ni kilo 4 ukiwa juu na ni kilo 4 ukiwa mita 20. Kitu unachotumia kuzibeba ndicho kinachobadilika: hewa iliyo ndani ya jaketi la kuelea, ambalo mzamiaji hulijaza kutoka kwenye mtungi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo moja na gramu 25, kwa hiyo, kwa kanuni ile ile ya Archimedes tuliyofundishwa shuleni, kila kilo ya ziada inakudai karibu lita moja ya hewa ndani ya jaketi ili usizame. Mwenye kilo 4 za ziada hutembea na kiputo cha lita 4 ambacho mwenye uzito sahihi hana. Kiputo hicho hutanuka kila unapopanda na hunywea kila unaposhuka. Kwenye mita 5 mgandamizo ni bar 1.5, na kwenye mita 2 ni bar 1.2, ukipanda hizo mita 3 tu, lita zako 4 zinakuwa lita 5, na umepata kilo nzima ya kukusukuma juu ambayo hukuiomba. Mwenzako mwenye uzito sahihi, ambaye wakati huo mgandamizo wa mtungi wake umeshuka karibu na bar 50, yaani hewa yake inakaribia kwisha, ana jaketi karibu tupu, na kwa kuwa hakuna kiputo, hakuna cha kutanuka. Ndiyo sababu yeye anasimama mita 5 ametulia huku wewe unahangaika na kitufe cha kujaza na kutoa hewa ya jaketi. Ukiongeza kilo ya kumi utalazimika kuongeza lita ya tano ya hewa, na kiputo kikubwa zaidi kitakurusha kwa nguvu zaidi.

Kwenye kina kirefu hali ni ile ile, isipokuwa huko mtu huchelewa kuiona. Mwanzoni mwa mbizi hata mwenye uzito sahihi anahitaji hewa kidogo ndani ya jaketi, kwa sababu bado amebeba takriban kilo 2 za hewa atakayoivuta kabla ya mtungi kufika bar 50, na kwa sababu suti yake imebanwa na maji ikapoteza sehemu ya uwezo wake wa kuelea. Tuseme anahitaji lita 3. Wewe unahitaji lita 7. Mkipanda pamoja kutoka mita 20 hadi mita 15, hewa yake itaongezeka kwa lita 0.6, na yako kwa lita 1.4. Yeye atairekebisha tofauti hiyo kwa kutoa pumzi, wakati wewe huna mapafu yanayotosha, kwa hiyo utabonyeza kitufe, utatoa hewa kupita kiasi, utazama, utajaza tena, na hewa yote hiyo inatoka kwenye mtungi ule ule unaokuishia mapema.

Sasa tuje kwenye miguu. Mkanda wa risasi unakaa kiunoni. Kiputo cha jaketi, mtu akiwa ameinua kichwa, hukimbilia mabegani. Una nguvu mbili, moja inayovuta chini kwenye nyonga na nyingine inayovuta juu kwenye kifua, na kadiri unavyoongeza risasi ndivyo unavyolazimika kuongeza hewa, na ndivyo nguvu hizo mbili zinavyokugeuza kwa ukali zaidi hadi usimame wima. Nahodha wa jahazi analijua jambo hili vizuri kuliko wengi wetu: farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, iliyowekwa yote tezi, upande wa nyuma, haitengenezeki kwa kuongeza farumi nyingine mahali pale pale. Ni lazima apunguze, kisha ahamishe.

Mkao huo wa kichwa juu na miguu chini hauishii kwenye kuonekana vibaya. Mwili ukiwa umeinama kwa digrii 30, nusu ya nguvu ya kila teke unalopiga inaelekea juu badala ya mbele. Wewe mwenyewe hutambui kwamba mateke yanakupandisha. Unachohisi ni kwamba ukitoa hewa kwenye jaketi hadi uwe mzito kidogo unakwenda sawa. Kwa hiyo unasafiri ukiwa mzito, na mateke yako yanakubeba kama vile unapanda ngazi isiyokwisha. Siku mgeni anapokuonyesha kasa na wewe ukasimama kumtazama, teke linakoma na unaangukia juu ya matumbawe. Jipime kesho: ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, juu ya mchanga mtupu, acha kupiga mapezi ghafla huku ukiendelea kupumua. Ukizama, ulikuwa unaelea kwa miguu, na sehemu kubwa ya hewa yako imekuwa ikienda huko.

Kuhusu mwalimu wako, simlaumu, na ninakushauri umwendee kwa heshima, kwa sababu alichokifanya hufanywa katika boti nyingi. Mwanafunzi asiyezama anachelewesha watu wote, na kilo 2 za risasi humzamisha papo hapo. Lakini ulishindwa kuzama siku zile kwa sababu ya mapafu. Mtu mwenye wasiwasi hupumua akiwa amejaza kifua, na hatoi nje yote aliyoivuta. Akibaki na lita moja na nusu ya ziada, ni sawa na kuvuliwa kilo moja na nusu ya risasi. Ongeza hapo hewa iliyojificha kwenye jaketi kwa kuwa hakunyoosha bomba juu kabisa, na miguu inayopiga mapezi bila mwenyewe kujua, ikimsukuma juu wakati anajitahidi kwenda chini. Siku hizi bila shaka hupumui hivyo tena, ila mkanda umebaki ule ule wa siku za woga. Unapoanza kuzama, simama wima, unganisha vifundo vya miguu ili isipige, inua bomba la jaketi kwa mkono wa kushoto, toa pumzi taratibu hadi uhisi kana kwamba imekwisha, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ukifika mita 3 au 4 suti itakuwa imeanza kubanwa na utashuka mwenyewe bila kulazimisha.

Uzito wako sahihi usiutafute kwa kukisia wala kwa jedwali la mtu mwingine, bali mwishoni mwa mbizi, kwa sababu hapo ndipo unapokuwa mwepesi kuliko wakati wowote. Mtungi wa alumini kama wako ukiwa umejaa huzama kwa takriban kilo 0.7, ukifika bar 50 unaelea kwa zaidi kidogo ya kilo moja, na ukiwa mtupu unakaribia kilo 2. Mwombe mwalimu wako afuatane nawe. Mkibaki na bar 50, kaeni mita 5 karibu na kamba ya boya ambayo unaweza kuishika wakati wowote, toa hewa yote kwenye jaketi, na upumue kwa utulivu. Kwa kilo 9 utazama, huku ukiishika kamba. Mpe mwalimu kipande kimoja cha risasi, tulia, pumua mara kadhaa, kisha mpe kingine. Endelea hivyo hadi ufike mahali ambapo ukivuta pumzi unapanda kidogo na ukiitoa unashuka kidogo, jaketi ikiwa tupu. Kiasi kilichobaki kiunoni ndicho chako. Kwa mwili wako na suti yako sitashangaa kikiwa kilo 5, na sitashangaa kikiwa pungufu ya hapo, lakini bahari ndiyo itakayokujibu.

Upo pia upimaji wa haraka unaofanyika juu ya maji, unaofaa siku unapobadilisha vifaa. Ukiwa wima, jaketi tupu, regulata (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) mdomoni, bila kupiga mapezi na ukiwa umeshikilia pumzi ya kawaida, maji yanapaswa kukufika usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Ukifanya hivyo na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 kwa ajili ya hewa utakayoitumia. Kushikilia pumzi kunaruhusiwa hapo juu tu. Chini ya maji, mtu anayepumua kutoka kwenye mtungi hashikilii pumzi kamwe, kwa kuwa hewa inayotanuka ndani ya mapafu yaliyofungwa inaweza kuyapasua hata katika kupanda kwa mita chache.

Andika kipimo chako daftarini pamoja na vifaa ulivyovaa, kwa sababu kipimo hicho ni cha vifaa hivyo tu. Wakati wa kusi maji yanapopoa na ukaazima suti ya milimita 5, utahitaji risasi zaidi. Kaskazi ikirudi na ukarejea kwenye suti nyembamba, usisahau kuzivua. Suti mpya huelea zaidi kuliko kuukuu ambayo neoprini yake imeshachoka. Siku utakapopewa mtungi wa chuma, ambao kwa kawaida huendelea kuzama hata ukipungukiwa hewa, utapunguza kilo kadhaa. Na ukipata kazi ya kufundisha kwenye bwawa la hoteli lenye maji baridi yasiyo na chumvi, utapunguza kilo nyingine 2 hivi.

Uzito ukishakaa sawa, utagundua kwamba miguu imeinuka kwa kiasi kikubwa bila ya kufanya lolote jingine. Kilichobaki kirekebishwe kwa kuhamisha, si kwa kuongeza. Lala kifudifudi ndani ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga, mita 4 au 5 zinatosha, ukiwa umetulia bila kupanda wala kushuka. Nyoosha mikono mbele, kunja magoti kwa pembe mraba ili mapezi yawe juu ya nyonga yakielekea nyuma, inua shingo utazame mbele, kaza kidogo misuli ya mgongo na makalio, kisha usifanye chochote. Hesabu polepole hadi kumi. Miguu ikianza kushuka, uzito wako umekaa karibu mno na miguu. Hatua ya kwanza ni kuupandisha mtungi ndani ya mkanda wa jaketi kwa kimo cha vidole vitatu au vinne, mradi kichwa kisigonge regulata unapotazama mbele. Watu wengi hufunga mtungi chini kupita kiasi kwa kuwa ndivyo ulivyokaa ulipofungwa ufukweni. Kama haitoshi, ondoa kilo moja au mbili kiunoni uzitie katika vifuko vinavyofungwa kwenye mkanda wa juu wa mtungi, usawa wa mabega. Risasi nyingine ibaki kwenye mkanda wa kiuno unaofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu siku ya dharura juu ya maji utahitaji kitu cha kutupa. Ukiona kichwa ndicho kinachoshuka, rudisha nyuma ulichokihamisha. Zingatia pia kwamba mtungi wa alumini unapopungua hewa kitako chake huanza kuelea, wakati valvu na regulata vinabaki vizito upande wa kichwa, kwa hiyo mkao uliokaa sawa mwanzoni unaweza kukuinua nyonga mwishoni. Tafuta mkao unaokubalika katika nusu ya mtungi, na tofauti ndogo za mwanzo na mwisho uzirekebishe kwa kukunja au kunyoosha magoti.

Kulala hivyo kuna jambo moja linalowachanganya wanafunzi. Wamefundishwa kutoa hewa kwa kuinua bomba la kushoto, na bomba hilo linafanya kazi vizuri mtu akiwa amesimama. Aliyelala akitaka kulitumia hulazimika kusimama tena, na mkao wote unaharibika. Jaketi nyingi zina valvu nyingine nyuma, chini karibu na nyonga, yenye kamba fupi yenye kifundo. Inua nyonga kidogo, vuta kamba, na hewa itatoka ukiwa bado umelala. Itafute kwa mkono ukiwa bado botini, ili chini ya maji mkono uijue bila macho.

Pumzi ndiyo usukani wako wa kila dakika, na hapa ndipo ninapowaona hata viongozi wazoefu wakikosea. Pumzi ya kawaida hubeba kama nusu lita, na mtu mzima akitaka anaweza kuongeza lita 2 au zaidi, au kupunguza kama lita moja. Uwezo huo unatosha kukupandisha juu ya jiwe la matumbawe na kukushusha upande wa pili bila kugusa kitufe chochote. Tatizo ni kwamba mwili hauitikii papo hapo. Unavuta pumzi, na kwa sekunde mbili au tatu hakuna kinachotokea. Asiye na subira hubonyeza kitufe, na pumzi inapoanza kufanya kazi anakuwa na pumzi pamoja na hewa ya kitufe, hivyo anapaa. Anza kuvuta kabla ya kufika kwenye jiwe, na anza kutoa kabla hujalimaliza. Kitufe kiwe cha kubadilisha kina cha mbizi, na mabadiliko ya nusu mita hadi mita moja yawe ya mapafu. Usijaribu kuokoa hewa kwa kuruka pumzi, kwani hewa chafu itakujaa mwilini na utapanda botini na kichwa kinachouma. Pumua polepole na utoe yote, mwendo wa kutoa ukiwa mrefu kuliko wa kuvuta.

Kuhusu teke, jifunze teke la chura: magoti yakiwa yamekunjwa, nyayo zinafunguka pembeni kisha zinasukuma nyuma na kufungana, halafu unateleza. Maji yanayosukumwa yanakwenda nyuma yako, hayapigi chini. Teke la kupandisha na kushusha miguu lina nafasi yake mkondo unapokuwa mkali, lakini juu ya mchanga ndilo linalotimua vumbi unalolalamikia.

Nakuhimiza usiliahirishe jambo hili kwa sababu ya mahali unapofanyia kazi. Wageni wa Nungwi hupelekwa sana kwenye kisiwa cha Mnemba, ambako nyakati za bamvua maji huvuta kwa nguvu na kundi zima huchukuliwa na mkondo juu ya mteremko wa matumbawe. Katika hali hiyo mapezi yanayoning'inia nusu mita chini ya tumbo lako hupita katikati ya matawi yaliyochukua miaka kukua, na wageni walio nyuma, ambao huiga kiongozi kuliko wanavyosikiliza maelezo ya botini, watapita hapo hapo kwa namna ile ile. Ukihamia Pemba siku moja, ambako kuta hushuka hadi kina usichopaswa kufika, kilo 4 za ziada hazitakuwa na mchanga wa kukupokea.

Na mapezi mepesi? Usinunue kwa sasa. Mapezi yako ya mpira mzito huenda yanachangia, kwa kuwa yako mwisho kabisa wa mwili na hata uzito mdogo mahali pale huvuta sana, lakini huwezi kujua yanachangia kiasi gani hadi utakapovua hizo kilo za ziada na kupandisha mtungi. Mapezi mazito pia yana nguvu katika mkondo, na kiongozi anayemkimbilia mgeni aliyechukuliwa na maji atayahitaji. Kama una fedha ya kitu kimoja mwezi huu, nunua vifuko viwili vya risasi vya kufunga kwenye mkanda wa mtungi, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya mapezi, au mwombe fundi wa kushona turubai akushonee vyenye kifuniko kinachojifunga imara. Ikiwa baada ya hayo yote miguu bado inashuka ukihesabu hadi kumi, azima mapezi mepesi ya mwenzako kwa mbizi moja, rudia jaribio lile lile mahali pale pale, kisha uamue.